Gari la zamani halichaji: pima hivi kabla ya kununua betri nyingine

Malalamiko ni yale yale. Asubuhi gari haliwaki, jirani anakuja na nyaya za kubusti, linawaka, linashinda vizuri siku nzima, kesho yake limelala tena. Mwenye gari ananunua betri mpya. Wiki mbili zikipita, betri mpya nayo imekwisha. Hapo fundi anasema "ni altaneta", yaani mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili ichaji betri, inanunuliwa ya mtumba, inafungwa, na ugonjwa uko pale pale.

Kinachokosewa ni mpangilio. Betri hubadilishwa kwanza kwa sababu ni rahisi kuitoa, wala hakuna aliyeipima. Altaneta inafuata kwa sababu ndiyo jina linalojulikana. Waya wa ethi (ule wa hasi unaounganisha betri na bodi na injini) uliooza, ambao bei yake haifiki hata robo ya betri, hauangaliwi na mtu.

Hatua zilizo hapa chini zinakwenda kutoka kwa kisicho na gharama hadi kwa chenye gharama, na kila kipimo kinategemea kile kilichotangulia kiwe sawa. Usiruke.

Nimeandika nikiwa na Corolla 100 na 110, Carina na Sprinter za miaka ya 1990 akilini, zenye injini za 4E, 4A na 5A. Gari lolote la umri huo ambalo regyuleta yake (kidhibiti cha volti) iko ndani ya altaneta linapimwa hivi hivi, ila pini za plagi ndizo zinaweza kutofautiana. Magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamua altaneta ichaji kiasi gani yana hesabu zake. Usiyahukumu kwa namba hizi.

## Vifaa

- Mita ya umeme ya dijitali. Ile ndogo ya bei nafuu inatosha.
- Taa ya majaribio: balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili.
- Spana namba 10, 12 na 14, na bisibisi ya nyota.
- Brashi ya waya, kipande cha msasa, maji ya moto na grisi.
- Chaja ya betri, au duka la betri lililo karibu linalochaji kwa malipo.
- Karatasi na kalamu. Andika kila namba unayosoma. Ukifika hatua ya tano utakuwa umesahau ya kwanza.

Kwanza angalia betri ya mita yenyewe. Betri ya volti 9 iliyo ndani ikichoka, mita inaanza kusoma juu kuliko ukweli, na utaona volti 16 mahali penye 14. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo cha mita, badilisha kabla hujapima chochote.

## Tahadhari

Vua pete, bangili na saa ya chuma. Kunja mikono ya shati, funga vizuri ushungi au mtandio, na usiinamie mkanda unaozunguka. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Maji ya betri yana asidi ya salfuriki: yakikurukia, mwagia maji mengi papo hapo.

Ukitoa temino (vichwa vya nyaya vinavyobana nguzo za betri), anza na ya hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni spana: ukiwa unalegeza ya chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi inapiga shoti kubwa.

Halafu kuna "kipimo" cha gereji za barabarani: gari likiwa linawaka, fundi anachomoa temino ya betri, na gari likiendelea kuwaka anasema altaneta ni nzima. Usikubali afanye hivyo kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikiondolewa ghafla altaneta ikiwa inachaji, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi, na huo muda mfupi unatosha kuua dayodi (vipande vya altaneta vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), regyuleta, au kompyuta ya injini. Tena jibu lenyewe halina maana, kwa sababu altaneta mbovu nusu inaweza kuendelea kuwasha injini isiyo na mzigo.

## Hatua ya 1: Betri ikiwa imelala

Acha gari limezimwa kwa saa kadhaa. Usiku mzima ni bora zaidi. Kama huna muda, washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri dakika tano. Lengo ni kuondoa chaji ya juujuu inayodanganya mita.

Weka mita kwenye DCV 20 (volti za umeme wa betri, hadi 20). Ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya, nyeusi kwenye ya hasi. Gusa nguzo ya risasi yenyewe, usiguse temino iliyoizunguka.

- 12.6 au zaidi: imejaa.
- 12.4: kama robo tatu.
- 12.2: nusu.
- 12.0 kushuka: karibu imekwisha.

Sasa mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Volti zitashuka, lakini zisipite chini ya 9.6. Betri iliyosoma 12.6 kisha ikaanguka hadi 7 wakati wa stata imekufa ndani, hata kama ni ya juzi.

Ikiwa iko chini ya 12.4, ichaji nje ya gari mpaka ijae, iache itulie, upime tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu majibu ya mbele. Betri tupu inavuta umeme mwingi kiasi kwamba altaneta nzima itasoma volti za chini na kuonekana mgonjwa. Altaneta imetengenezwa kurudisha kile stata ilichotumia. Kufufua betri iliyokufa ni mzigo unaoichemsha. Mtu anayebusti kila asubuhi na kutegemea safari ya kazini ijaze betri anaua vyote viwili.

Umefaulu: betri imejaa, imetulia, inasoma 12.5 kwenda juu, na wakati wa stata haishuki chini ya 9.6. Betri ikikataa kushika chaji, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Lakini endelea na hatua zote, kwa sababu betri nayo inaweza kuwa imeuawa na kitu kingine.

## Hatua ya 2: Temino na ethi kwa macho

Ile chumvi nyeupe au ya kijani kwenye temino inazuia umeme. Toa temino, mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae ndani na nje, kausha, funga, ndipo upake grisi juu. Grisi ikitangulia inakaa katikati ya chuma na chuma.

Ukishafunga, jaribu kuzungusha temino kwa mkono. Isicheze hata kidogo. Temino iliyobanwa kwa kipande cha kopo au msumari ni jibu tosha la matatizo yako; nunua nyingine.

Fuata waya wa hasi kutoka betri hadi mwisho. Kawaida unagawanyika: tawi moja linakwenda kwenye bodi, jingine kwenye injini au giaboksi. Kwenye magari yaliyowahi kutolewa injini, tawi la injini mara nyingi limesahaulika au limefungwa juu ya rangi. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma kionekane, rudisha.

## Hatua ya 3: Mkanda

Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda katikati ya puli mbili kwa kidole gumba, kwa nguvu. Ushuke kama milimita 10. Ukishuka zaidi umelegea. Usiposhuka kabisa utaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji. Angalia upande wa ndani: ukiwa unang'aa kama kioo au una nyufa, badilisha. Mlio mkali gari linapowaka asubuhi au unapowasha taa kubwa ni mkanda unaoteleza.

## Hatua ya 4: Taa ya betri kwenye dashibodi

Washa swichi bila kupiga stata. Taa yenye picha ya betri lazima iwake. Piga stata: lazima izime.

Watu huogopa taa inayowaka, wakati isiyowaka kabisa ndiyo inayopoteza siku nyingi. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, au mtu akiitoa kwa sababu "inasumbua", altaneta inaweza isiamke, au iamke tu ukipiga resi sana.

- Haiwaki swichi ikiwa wazi (imewashwa): angalia fyuzi ya mita za dashibodi, kisha balbu, kisha nenda hatua ya 7.
- Inawaka hata injini ikizunguka: nenda hatua ya 5.
- Inawaka hafifu, au inapepesa ukiwa kwenye sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta): shuku kaboni zilizoisha (brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya altaneta), dayodi, au plagi iliyolegea.

Na taa ikizima vizuri, usishangilie. Inaweza kuzima huku altaneta ikitoa nusu ya uwezo wake.

## Hatua ya 5: Volti injini ikiwaka

Weka gia kwenye P au N, vuta hendibreki, washa. Mita kwenye nguzo za betri kama mwanzo.

Bila mzigo: kwenye sailensa, vitu vyote vimezimwa, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Betri ikiwa ndiyo kwanza imepiga stata, namba inaweza kuanza chini na kupanda taratibu. Ipe dakika kumi.

Na mzigo: washa taa kubwa, feni ya ndani kasi ya mwisho, na waya za kioo cha nyuma kama zipo. Mtu ashike mafuta injini izunguke kama mara 2000 kwa dakika. Volti zisishuke chini ya 13.3 hivi.

Joto lina mchango wake. Regyuleta hupunguza volti altaneta ikichemka, kwa hiyo ndani ya foleni ya Dar es Salaam saa nane mchana, kiyoyozi kikiwaka na injini kwenye sailensa, kusoma 13.3 hakumaanishi ubovu. Pima asubuhi injini ikiwa haijachemka sana ndipo utoe hukumu.

Majibu yako:

- Zimebaki 12 na kitu na zinaendelea kushuka. Hakuna kuchaji kabisa. Nenda hatua ya 7.
- Nzuri bila mzigo, zinaanguka chini ya 13 ukiweka mzigo. Nenda hatua ya 6 kwanza, kabla ya kulaumu altaneta.
- Zinapita 15 na kubaki huko. Inachaji kupita kiasi. Usiendelee kuliendesha gari hivyo: maji ya betri yanachemka, inatoa harufu ya mayai yaliyooza, na balbu zinaungua ovyo. Nenda hatua ya 7, ukianzia na pini ya S.

## Hatua ya 6: Volti zinapotelea njiani

Hapa ndipo altaneta nyingi nzima hutupwa. Altaneta inaweza kutengeneza umeme mzuri ambao haufiki kwenye betri, kwa sababu unapita kwenye waya ulioliwa ndani au bolti yenye kutu.

Injini izunguke kama mara 2000 kwa dakika, taa kubwa na feni viwe vinawaka. Bila umeme kupita kwa wingi, waya mbovu husoma kama mzima.

Upande wa chanya. Ncha nyekundu kwenye bolti kubwa ya B nyuma ya altaneta, nyeusi kwenye nguzo ya chanya ya betri. Ndiyo, chanya kwa chanya. Mita inakuonyesha volti zilizopotea kati ya sehemu hizo mbili. Chini ya 0.3 ni sawa. Ikifika 0.5 kuna tatizo: nati ya B imelegea, waya umeungua karibu na kichwa chake, au fyuzi kubwa ya ALT kwenye boksi la boneti haijakaza.

Upande wa ethi. Nyekundu kwenye chuma kitupu cha mwili wa altaneta, nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Isizidi 0.2.

Fanya hesabu. Altaneta inatengeneza 14.3. Waya wa B unakula 0.8, ethi inakula 0.4. Betri inapata 13.1. Ukifunga altaneta mpya, betri itaendelea kupata 13.1.

Ethi ikiwa mbaya, jaribu kwa waya mmoja wa kubusti: funga mwisho mmoja kwenye nguzo ya hasi, mwingine kwenye chuma cha injini, mbali na mkanda. Volti za betri zikipanda papo hapo, umeshapata ugonjwa, na dawa yake ni waya mpya mnene. Kwa gari la miaka ya 1990 ningebadilisha waya wa ethi wa injini hata bila kungoja uharibike.

Umefaulu: pande zote mbili ziko ndani ya kiwango. Rudia hatua ya 5. Kama volti bado zinaanguka ukiweka mzigo, sasa una haki ya kushuku altaneta.

## Hatua ya 7: Bolti ya B na plagi ya pini tatu

Zima injini. Pima bolti ya B dhidi ya ethi: lazima iwe na volti za betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Ikisoma sifuri, fyuzi kubwa ya ALT imeungua. Mara nyingi hutokea mtu akibusti kwa kugeuza nyaya. Usiizibe kwa kipande cha waya. Fyuzi hiyo ndiyo inayozuia gari kuungua.

Sasa chomoa plagi ndogo. Kwenye Toyota nyingi za kundi hili ina pini za S, IG na L. Kagua kwanza: pini za kijani, mafuta, plagi isiyofunga "klik". Injini inayovuja mafuta juu ya altaneta inalowesha plagi na kaboni kwa pamoja. Ziba uvujaji kabla ya kununua spea.

Zitambue pini kwa kupima, usikisie kwa rangi za nyaya, kwani huenda fundi aliyetangulia aliunga rangi yoyote aliyokuwa nayo.

1. Swichi imezimwa. Pini yenye volti 12 ni S. Kazi yake ni kuiambia regyuleta betri ina volti ngapi. Isipokuwepo yenye umeme, angalia fyuzi iliyoandikwa ALT-S. S ikikatika, taa ya betri inaweza kubaki ikiwaka au volti zikapanda kupita kiasi, na wengi hubadilisha regyuleta bure.
2. Swichi wazi, injini imezimwa. Pini mbili nyingine zitaonyesha umeme. Chukua taa ya majaribio, waya mmoja kwenye ethi, mwingine kwenye pini. Ile inayowasha taa yako kwa nguvu ni IG. Ile inayoiwasha hafifu au isiiwashe, lakini taa ya betri kwenye dashibodi ikawaka, ni L.

IG ikikosekana, tafuta fyuzi ndani ya gari. Kwa kawaida ina jina la ENGINE, GAUGE au IGN kulingana na modeli. L ikikosekana, ni balbu ya dashibodi au waya uliokatika njiani.

Usitumie waya mtupu kuunganisha pini na ethi. Ukiigusa S kwa bahati mbaya unachoma fyuzi. Taa ya majaribio inakulinda.

Umefaulu: B, S, IG na L zote zina umeme unaostahili. Kama gari bado halichaji, ubovu uko ndani ya altaneta.

## Hatua ya 8: Ndani ya altaneta

Rudisha plagi. Kwa injini iliyozimwa na swichi wazi, sogeza ncha ya bisibisi kwenye nati ya puli, mbali kabisa na bolti ya B. Unapaswa kuhisi sumaku ikiivuta. Mvuto unaweza kuwa mdogo, lakini ukizima swichi unapungua au unapotea.

- Sumaku ipo, lakini haichaji: shuku dayodi au nyaya za ndani.
- Sumaku hakuna: shuku kaboni, regyuleta au rota (sehemu inayozunguka).

Anza na kaboni, kwa sababu ndizo zinazolika. Toa temino ya hasi kwanza, kisha waya wa B, shusha altaneta na ufungue kifuniko cha nyuma. Kaboni mpya za altaneta za Toyota za aina hii hujitokeza milimita 10.5, zikifika 1.5 zimekwisha. Kaboni huuzwa peke yake na hufungwa kwa risasi ya kuchomea. Ukiwa humo, pima rota kati ya pete zake mbili: takriban omu 3. Kati ya pete na shafti pasiwe na mawasiliano yoyote. Pete zikiwa na mifereji mirefu, kaboni mpya hazitadumu.

Dayodi hupimwa altaneta ikiwa kwenye gari: injini inawaka, taa zinawaka, mita kwenye ACV (volti za umeme wa kupishana), ncha kwenye nguzo za betri. Ikizidi 0.5 dayodi si nzima, na mara nyingi redio nayo hupiga mluzi unaopanda na resi. Mita za bei nafuu zina hila hapa: nyingi zitaonyesha 28 au zaidi, na ukigeuza ncha zinaonyesha sifuri. Mita ya namna hiyo haiwezi kipimo hiki, azima nyingine.

Ukilazimika kubadilisha, mimi napendelea kuifufua altaneta yako kwa kaboni, regyuleta na beringi mpya kuliko kuchukua ya mtumba usiyoijua historia yake. Ukienda kununua Shauri Moyo pale Ilala, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, beba ya zamani mkononi. Linganisha plagi, masikio ya kufungia, mifereji ya puli, na ampia zilizoandikwa, usikubali pungufu. Dai ipimwe mbele yako.

## Hatua ya 9: Inachaji vizuri, asubuhi imekwisha

Basi kuna kitu kinanyonya usiku. Zima kila kitu, toa funguo, funga milango, boneti tu ibaki wazi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A na uzungushe kitufe kwenye 10A. Toa temino ya hasi, kisha weka mita katikati: ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye temino.

Usipige stata wala kufungua swichi mita ikiwa hapo. Kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu hilo halina fyuzi, na mita itaungua mkononi mwako.

Subiri kama dakika kumi na tano, alamu na redio zitulie. Gari la umri huu linapaswa kusoma chini ya ampia 0.05. Likisoma 0.3, betri ya ampia-saa 45 inaweza kupoteza nusu ya chaji ndani ya siku tatu hivi.

Chomoa fyuzi moja moja na urudishe. Ile itakayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi: alamu iliyofungwa mtaani, redio, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya buti isiyozima.

Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, ondoa mita, na temino ya hasi ikiwa bado nje, fungua waya wa B kwenye altaneta, ufunge kwa tepu ya umeme usiguse chuma, kisha rudisha mita. Namba ikianguka hapo, dayodi ya altaneta inavujisha umeme kurudi nyuma ingawa mchana inachaji kama kawaida. Itoe, ipeleke ifungwe dayodi mpya, na mpaka itakapokuwa tayari usiache temino ya hasi imefungwa usiku.